Mboga na viungo vibichi mjini Tanga: mahali pa kununua, kuanzia palipo bora

Mnunuzi wa mboga mjini Tanga yuko kati ya mashamba ya aina mbili. Upande wa bara iko milima ya Usambara, ambako Lushoto, iliyo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hutoa kabichi, karoti, viazi mviringo, njegere, hoho, koliflawa na mboga nyingine za baridi zisizostawi vizuri katika joto la pwani. Kandokando ya mji wenyewe, mabondeni na kwenye viwanja ambavyo havijajengwa, hulimwa mchicha, matembele, bamia, biringanya na nyanya chungu. Mwongozo huu unapanga njia za kununua mazao hayo, na kipimo ninachokitanguliza ni muda uliopita tangu mboga ivunwe, kwa sababu fungu la bei nafuu ambalo nusu yake inaishia jaani si la bei nafuu.

Nafasi ya kwanza kwa majani: bustani yenyewe

Mchicha, matembele, mnavu, kotmiri, nanaa na mrehani hupoteza maji upesi mno, na katika joto la Tanga mchicha uliokatwa alfajiri huwa umelegea kufikia adhuhuri iwapo umeachwa juani. Anayeweza kufika bustanini mapema asubuhi, au jioni jua likishapunga, akakatiwa mboga mbele ya macho yake, hatapata mahali bora zaidi kwa mazao ya namna hii.

Ubichi ni faida moja tu ya kufika huko. Ya pili ni kwamba unayaona maji. Bustani inayomwagiliwa kwa mfereji unaopokea majitaka ya mji haifai, hata mboga zake zikiwa za kijani cha kuvutia namna gani, na hilo lina uzito zaidi kwa majani yanayoliwa mabichi kama kotmiri, nanaa na letasi. Ya tatu ni kwamba unaweza kumuuliza mkulima mwenyewe lini amepiga dawa kwa mara ya mwisho. Kila kiuatilifu kina idadi ya siku za kusubiri kati ya kupulizwa na kuvuna, nazo huandikwa kwenye lebo ya chupa, na mkulima makini hujibu swali hilo bila kusitasita. Kuosha mboga kwa maji yanayotiririka huondoa udongo, wadudu na sehemu ya dawa iliyobaki juu ya jani, lakini dawa iliyofyonzwa ndani ya mmea haitolewi kwa chumvi wala kwa siki, licha ya imani kubwa ambayo watu wengi wanayo katika bakuli la maji ya chumvi.

Kasoro ya njia hii ni kwamba bustani moja haitoshi. Masika yanapoingia, kuanzia Machi hadi Mei, matuta ya mabondeni hujaa maji na mchicha huoza mizizi. Kiangazi kikikaza, mkulima asiye na kisima hupunguza eneo analolima. Mwenye familia kubwa au mgahawa atafanya vyema kuelewana na wakulima wawili walioko sehemu tofauti, mmoja bondeni na mwingine mahali palipoinuka, na kuwaambia mapema anahitaji mafungu mangapi kwa siku zipi, ili wapande matuta kwa kupishana.

Nafasi ya pili, na ya kwanza kwa mazao ya milimani: Mgandini, mapema

Kwa kabichi, karoti, viazi, hoho, njegere na nyanya, naliweka Soko la Mgandini juu ya bustani zote za mjini. Mapema asubuhi ndiyo saa ya kuchagua, kwani baadaye unachagua kwenye mabaki ya waliokutangulia, ambao wengi wao ni wenye magenge wanaojua wanachokitafuta.

Kabichi hudanganya zaidi ya mboga zote. Muuzaji hubandua majani ya nje kadiri yanavyonyauka, kwa hiyo kabichi ndogo, nyeupe na safi kama imeoshwa mara nyingi ndiyo iliyokaa siku nyingi zaidi, ilhali ile yenye majani ya nje ya kijani, hata yakiwa na matundu mawili matatu ya wadudu, ndiyo mpya. Igeuze utazame kikonyo kilipokatwa: cheupe chenye unyevu ni cha juzi au jana, kilichokauka na kuwa cha kahawia kimeshakaa. Kisha inyanyue, maana kabichi nzuri huwa nzito kuliko inavyoonekana.

Karoti nazo zitazamwe kichwani. Zikiletwa na majani yake huonekana mbichi, lakini majani hayo huendelea kuvuta maji kutoka kwenye mzizi, hivyo yakate mara tu unapofika nyumbani. Karoti inayopinda bila kuvunjika imeshapoteza maji. Viazi vyenye ngozi ya kijani viache, kwa sababu ukijani huo ni dalili kwamba vimekaa kwenye mwanga na kwamba sumu iitwayo solanini imeongezeka, na kupika hakuiondoi.

Nyanya zinahitaji subira. Kwenye tenga, zilizo juu huwa nzuri daima. Zilizo chini zimebebeshwa uzito wa wenzake tangu Lushoto, katika barabara yenye kona nyingi inayoteremka kupitia Soni hadi Mombo. Mnunuzi wa tenga zima ana haki ya kuomba limiminwe, na muuzaji anayekataa amekwisha kumjibu. Tazama pia kwenye kikonyo: kitundu kidogo chenye unga mweusi pembeni yake ni kazi ya kantangaze, mdudu aliyeripotiwa nchini mwaka 2014, ambaye kiwavi wake hutoboa tunda na kuacha njia ya kuoza kwa ndani. Nyanya za kutumia leo ziwe nyekundu. Za kutumia baada ya siku tatu ziwe ndiyo kwanza zinapiga rangi, na ziive mezani, kwa kuwa baridi ya friji husimamisha uivaji na kuharibu ladha.

Kuhusu vipimo, sado, ndoo na fungu ni makubaliano ya macho, na ujazo wake hubadilika kwa muuzaji, kwa msimu na kwa mkono unaopanga. Kwa ununuzi wa mara kwa mara, mizani ndiyo inayokuwezesha kulinganisha bei ya leo na ya wiki iliyopita. Gunia la lumbesa, lile lililoongezewa kichwa na kushonwa kwa kamba, limepigwa marufuku na ni vita ya miaka mingi ya Wakala wa Vipimo. Anayeumia kwanza ni mkulima, lakini hata mnunuzi hajui amebeba kilo ngapi.

Mgandini pia huuza kisamvu kilichokwisha kutwangwa. Kinarahisisha kazi, ila kinaficha umri wa jani, kwa hiyo chagua majani machanga kwanza na uombe yatwangwe ukiwa umesimama hapo.

Nafasi ya tatu: kuagiza mzigo moja kwa moja kutoka Lushoto

Hii ni njia ya mama lishe, wenye hoteli ndogo, na majirani wanaokubaliana kugawana. Mzigo hufungwa na mkulima au dalali na kupakiwa kwenye gari linalokuja Tanga. Bei huwa nzuri, hasa kwa koliflawa, brokoli, liki na letasi, ambazo hazipatikani kila siku mjini, lakini umelipia kitu ambacho hukukichagua. Taja idadi kwa kilo, taja ukubwa, na uombe nyanya ziwekwe kwenye kreti badala ya tenga, kwani kreti hupunguza uzito unaozilalia nyanya za chini.

Nafasi ya nne: genge la mtaani

Genge ni duka la dharura ambalo wengi wetu tumelifanya kuwa soko. Bei yake ni ya juu kidogo, jambo ambalo ni haki, kwa sababu mwenye genge ameamka kabla yako, amelipa nauli, na anakuuzia nyanya tatu bila kununa. Mboga za matunda na vitunguu vinafaa kununuliwa hapo siku yoyote. Tatizo liko kwenye majani, ambayo hunyunyiziwa maji mchana kutwa ili yaonekane mabichi. Ingiza vidole katikati ya fungu la mchicha: likiwa na joto, au majani ya ndani yakiwa yameanza kuwa ya manjano na kuteleza, limefungwa tangu jana. Mwenye genge unayemzoea atakuambia mwenyewe lipi limeingia leo, na uhusiano huo una faida kubwa kuliko kubishania shilingi mia.

Nafasi ya tano: barabarani

Mboga za Mombo na Soni huwa mbichi na za kuvutia, na asafiriye kurudi Tanga hushawishika kujaza buti. Karoti, kabichi na viazi vitastahimili safari. Letasi na kotmiri hazitastahimili kwenye gari lililofungwa vioo, isipokuwa zikiwekwa chini ya kiti, zimefunikwa kwa khanga iliyoloweshwa.

Nafasi ya mwisho: supamaketi

Unalipia friji na mfuko. Brokoli na uyoga vinaweza kuhalalisha gharama hiyo. Mchicha na bamia haviwezi. Kwa viungo vibichi, geuza mfuko kabla ya kuuweka kwenye kikapu: matone ya maji upande wa ndani yanamaanisha kwamba majani yamepata joto na kupoa, na kotmiri iliyo katika hali hiyo huanza kuwa nyeusi siku inayofuata. Mrehani usiuchukue kabisa kwenye rafu ya baridi, kwa sababu majani yake huungua kwa baridi. Utafute bustanini na uuweke jikoni ndani ya glasi ya maji, vikonyo chini, mahali pasipofikiwa na jua.