Kijiji cha Makumbusho, Dar es Salaam: mlango mwema wa kuingilia Tanzania

Mgeni anayekuja Tanzania kwa mara ya kwanza hupelekwa Serengeti, Kilimanjaro na Zanzibar, na mara nyingi huondoka akiwafahamu tembo kuliko wenyeji. Kwa maoni yangu, yeyote aliye na nusu siku Dar es Salaam aanzie Kijiji cha Makumbusho, kilichopo Kijitonyama, kando ya barabara kuu ya kutoka mjini kwenda Mwenge.

Kijiji hiki kilianzishwa katika miaka ya 1960, na ni sehemu ya Makumbusho ya Taifa. Badala ya vitu kuwekwa katika makabati ya vioo, hapa zimejengwa nyumba za asili za makabila mbalimbali kwa miti, fito, udongo, mianzi na nyasi, na mgeni huinama mlangoni akaingia. Katika nchi yenye makabila zaidi ya 120 hakuna kijiji kinachoweza kuwaonyesha wote, lakini nyumba chache zikitazamwa kwa makini hufundisha mengi.

Chukua tembe ya Wagogo. Kuta zake ni fupi, zimekandikwa udongo, na paa lake la bapa ni udongo pia, uliotandazwa juu ya miti iliyolala. Dodoma mvua ni haba, kwa hiyo paa la namna hiyo linafaa, tena haliogopi upepo wa nyanda zile. Vyumba vimezunguka ua, na uani ndimo ng'ombe wanamolala. Kisha nenda kwenye msonge wa Wahaya, ambao nyasi zake huanzia kileleni zikashuka hadi karibu na ardhi, na utaelewa mara moja kwamba umefika upande wa Ziwa Victoria, kwenye mvua nyingi ambayo sharti iteremke upesi isipenye ndani. Kwa Wachaga, ng'ombe waliishi ndani ya nyumba pamoja na watu, kwa sababu mteremko wa Kilimanjaro ulijaa migomba na baadaye kahawa, pasibaki pa kuchungia. Majani yalikatwa yakaletwa nyumbani, na samadi ikarudi shambani. Mgeni aliyeelezwa hayo vizuri ameshaujua uchumi wa mlima ule kabla hajaupanda.

Ndiyo maana nasisitiza kuchukua mwongozaji. Ukipita peke yako utaona vibanda. Ukiwa na mtu anayejua kwa nini kichanja kimewekwa juu ya meko, utaona kaya. Mwombe pia akueleze hali ya leo, kwa kuwa vijijini nyumba za matofali na bati zimeenea sana, na lingekuwa kosa kubwa mgeni kurudi kwao akidhani Watanzania wote bado wanaishi hivi.

Upungufu ninaouona ni wa asili ya makumbusho ya aina hii. Nyumba iliyobuniwa kwa ukame wa Dodoma inanyeshewa na masika ya Pwani, na nyasi na udongo huchakaa haraka katika joto la unyevu. Ukarabati hauwezi kukoma, na wanaoujua ufundi huo wanazidi kuzeeka. Nauona ukarabati huo kuwa msingi wa kiingilio tunacholipa, nami nakilipa kwa moyo mweupe.

Ngoma za asili nazo huchezwa kijijini. Ulizia siku na saa kabla ya kwenda. Mwenye muda zaidi aunganishe na Makumbusho ya Taifa yenyewe, Mtaa wa Shaaban Robert katikati ya jiji, inakosimuliwa habari ya Zinjanthropus, fuvu la kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, alilolivumbua mtafiti Mary Leakey katika Bonde la Olduvai, kaskazini mwa Tanzania, mwaka 1959, lenye umri wa takriban miaka milioni 1.75.

Nenda asubuhi, kabla jua halijawa kali. Daladala za Makumbusho na Mwenge zitakushusha karibu. Kiingilio cha raia ni nafuu kuliko cha mgeni kutoka nje, kwa hiyo Mtanzania abebe kitambulisho, na awachukue watoto.