Daraja jipya la I-74 juu ya Mississippi: ninachokisifia zaidi ni mabega yake

Kwa miaka minane sasa navuka mto Mississippi karibu kila siku ya kazi, nikitoka Moline, Illinois, ninakoishi, kwenda Bettendorf, Iowa, ninakofanya kazi. Kwa hiyo nimekuwa mteja wa madaraja yote mawili, lililobomolewa na lililochukua nafasi yake, na nalitathmini hili jipya kama mtu anavyotathmini huduma yoyote ambayo amekwisha kuilipia kodi.

Lile la zamani lilikuwa jozi ya madaraja ya kuning'inia yaliyopakwa rangi ya kijani. La kwanza lilifunguliwa mwaka 1935, likiwa limebuniwa na Ralph Modjeski, mhandisi mzaliwa wa Poland, na pacha wake akafuata takriban robo karne baadaye. Wakati la kwanza linajengwa hakuna aliyekuwa na habari ya barabara kuu za kuunganisha majimbo, na baadaye I-74, mojawapo ya barabara hizo, ilipopitishwa hapo ilibidi barabara kubwa itoshee katika daraja dogo: njia mbili kila upande, na pembeni hakuna bega, yaani ukanda wa kusimamisha gari lililoharibika, hata la kuegesha baiskeli. Jozi hiyo ilikusudiwa kubeba magari 48,000 kwa siku, lakini katika miaka yake ya mwisho ilibeba zaidi ya 70,000.

Januari 2019, katika wiki ile ambayo Moline ilivunja rekodi yake ya baridi na kipimajoto kikashuka hadi nyuzi 36 za Selsiasi chini ya sifuri, gari langu lilizima katikati ya daraja hilo. Niliwasha taa za tahadhari, nikabaki nimekaa, kwa sababu kufungua mlango kungekuwa kuuingiza ndani ya njia ya matrela. Kila trela lilipopita, sakafu ya daraja ilitikisika na kikombe changu cha chai kikagongagonga kwenye kishikio chake. Msururu wa magari ulikuwa mrefu kiasi kwamba gari la kukokota, ambalo kituo chake hakikuwa mbali, lilinifikia baada ya saa moja na nusu. Sikumlaumu dereva wake, kwani naye alikuwa amekwama nyuma ya wale wale waliokwama nyuma yangu.

Ujenzi wa daraja jipya ulianza Julai 2017. Upande wa kwenda Iowa ulifunguliwa Novemba 2020, na ule wa kwenda Illinois Desemba 2021, hivyo kwa mwaka mzima nilikwenda kazini kwa daraja jipya na kurudi nyumbani kwa la zamani. Sidhani kama kuna kipimo cha haki kuliko hicho. Asubuhi niliendesha nikisikiliza redio. Jioni nilizima redio na kushika usukani kwa mikono miwili. Jirani yetu, mama mmoja wa Uvira ambaye, kama Wakongo wengi wa hapa Moline na Rock Island, alijifunza kuendesha gari baada ya kufika Marekani, alikuwa akizunguka kupitia daraja jingine kila aliporudi kutoka Iowa, na alianza kurudi kwa I-74 siku ile tu upande wa pili ulipofunguliwa.

Watu wengi husifia matao, na kweli yanapendeza: kila upande una jozi ya matao ya chuma yaliyoinamiana kwa juu kama mpini wa kikapu, na usiku huwashwa taa za rangi. Kampuni iliyoanzishwa na Modjeski ilishiriki pia katika usanifu wa daraja hili, jambo ambalo mimi naliona kama fundi aliyerudi kurekebisha kazi ya babu yake. Lakini ninachokilipia mimi ni njia nne kila upande na mabega mapana pande zote mbili. Nimeshuhudia gari lenye pancha likiegeshwa begani, dereva akibadilisha tairi, na sisi wengine tukipita bila hata kupunguza mwendo. Mradi mzima, pamoja na barabara za kuingilia, uligharimu zaidi ya dola bilioni moja, na daraja limekusudiwa kudumu miaka 100. Bei ni kubwa; hata hivyo, waliosubiri nyuma yangu Januari ile wangeweza kusaidia kuitetea.

Nyota nne kati ya tano, na ile iliyopungua naiondoa kwa sababu ya njia ya waenda kwa miguu na baiskeli. Ilifunguliwa Aprili 2022, na kabla ya mwezi mmoja kwisha gari liliingia humo usiku na kuua watu wawili waliokuwa wakitembea. Nguzo fupi za kuzuia magari zimesimikwa baadaye, nami nashindwa kuelewa kwa nini mradi wa thamani hiyo ulisubiri msiba ndipo uzikumbuke. Pia mngurumo wa magari hapo ni mkubwa, kwa hiyo anayekwenda kwa mazungumzo ya faragha atalazimika kupaza sauti.

Nenda jioni, kwa kuwa njia hiyo iko upande wa magharibi na jua huzama mbele yako. Mwanzoni ulikuwa ukitazama nyaya za daraja la zamani zikiwa wazi bila gari hata moja, hadi lilipoanza kulipuliwa mwaka 2023. Katikati ya mto kuna sehemu ya kupumzikia yenye duara la kioo sakafuni. Binti yangu wa miaka sita hulala kifudifudi juu yake akisubiri matishari ya nafaka yapite chini, huhesabu moja moja, na hakubali kuondoka kabla la mwisho halijapita.