Upasuaji wa mgongo wa mama: daktari namsifu, hesabu nailalamikia

Mama yangu ana miaka 68, na kwa muda wa miaka mitatu hakuweza kufika sokoni bila kukaa njiani mara tatu au nne. Akisimama kidogo tu miguu ilikufa ganzi na kuwaka moto, lakini akiinamia meza ya muuza nyanya maumivu yalipungua, na hiyo, kama tulivyokuja kuelezwa, ndiyo dalili ya mfereji wa uti wa mgongo uliosinyaa na kubana mishipa ya fahamu. Aliyegundua kwanza kwamba mgongo umepinda hakuwa daktari bali fundi cherehani, aliyeshangaa kwa nini pindo la gauni halikai sawa.

Daktari bingwa wa hospitali binafsi tuliyokwenda jijini Dar es Salaam hakukimbilia kisu. Aliagiza eksirei ya mgongo mzima mama akiwa amesimama, kwa sababu mgonjwa akilala mgongo hujinyoosha kidogo na picha ikadanganya, kisha akachora mistari juu yake na kupata mpindo wa nyuzi 22. Skoliosisi, yaani mgongo kupinda kwa upande, huhesabiwa kuanzia nyuzi 10. Baada ya MRI, yaani picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, alitaka pia kipimo cha uimara wa mifupa, maana skrubu haishiki vizuri kwenye mfupa uliopungua madini.

Maelezo yake ndiyo yaliyoniteka moyo. Kupanua mfereji peke yake ni upasuaji mwepesi zaidi, alisema, ila pingili zilizokwisha kulegea zinaweza kuzidi kupinda. Kunyoosha mgongo wote kwa vyuma virefu kungerudisha umbo, lakini katika umri wake kupoteza damu, uambukizo na kurudia upasuaji ni hatari zisizopuuzwa. Akashauri njia ya katikati, yaani kupanua mfereji na kuunganisha pingili tatu za kiunoni kwa skrubu sita na vyuma viwili. “Mama, ninatibu miguu yako, mgongo utabaki na mpindo wake,” alimwambia bila kumpamba.

Kesho yake baada ya upasuaji mama alisimama kando ya kitanda, akasema miguu imenyamaza.

Malalamiko yangu ni ya hesabu na wadi. Makadirio tuliyopewa hayakutaja bei ya vyuma, nasi tukaelezwa jioni ya kuamkia upasuaji, wakati mgonjwa ameshaanza kufunga kula, saa ambayo hakuna mtu mwenye ubavu wa kubishana. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuja mara moja tu katika siku sita, na namna ya kugeuka kitandani bila kupinda kiuno tulifundishwa na muuguzi wa zamu ya usiku, kwa hisani yake.

Sasa ni mwezi wa nane tangu upasuaji. Eksirei ya mwisho imeonyesha mfupa unaunga, mama anafika sokoni bila kukaa, na fundi bado anamwongezea vidole viwili vya kitambaa upande wa kushoto.