TAHADHARI: Muuzaji wa cherehani anayeomba picha ya kadi na kitambulisho

Jamani, naandika haya kwa aibu, maana mimi ndiye yule dada anayewaambia wenzake kila siku "msibofyebofye linki". Nimepigwa. Tena nimepigwa mara mbili na watu wale wale: kwanza wamekula hela, halafu wakachukua jina. Ya hela nimeanza kuizoea. Hii ya jina ndiyo iliyonikalisha chini niandike.

Nilikuwa natafuta cherehani ya umeme iliyotumika, yenye uwezo wa kudarizi. Nikakuta ukurasa wenye picha nzuri, sifa za wateja tele, na muuzaji anayejibu ndani ya dakika. Bei yake ilikuwa chini ya wengine, lakini chini kidogo tu. Bei ya kutupa siku hizi inamshtua kila mtu, na wao wanalijua hilo. Nikatumiwa linki ya kulipia.

Ukurasa wa malipo ulikuwa na alama ya kufuli na nembo za kadi zote unazozijua. Nikaanza kuandika namba ya kadi, nikakosea tarakimu moja, kisanduku kikawa chekundu papo hapo: namba si sahihi. Nikajisemea, kumbe hawa wameunganishwa na benki kweli. Hapo ndipo nilipolegea. Nimekuja kujua baadaye kwamba tarakimu ya mwisho ya kadi ni ya kuhakiki tu, inapatikana kwa hesabu ndogo ya zile zilizotangulia. Hesabu yenyewe ilibuniwa na Hans Peter Luhn wa kampuni ya kompyuta ya IBM, ikapata hataza (hati ya kulinda uvumbuzi) mwaka 1960, na ukiwa na kalamu na karatasi unaifanya mwenyewe. Ukurasa wa tapeli hauhitaji kuongea na benki yoyote ili ujue umekosea. Wanakusahihisha kwa sababu namba mbovu haiwafai.

Na kufuli lile linasema tu kwamba unachoandika hakisomwi na wapita njia. Anayekipokea ni nani, halisemi. Ningetazama anwani ya ukurasa ningeona: jina la benki yangu lilikuwa pale mwanzoni, limekaa kwa heshima zote, halafu mwishoni kabisa, kabla ya mkwaju (/), kuna jina la ajabu lisilosomeka. Mwenye tovuti ni yule wa mwishoni. Pale mbele mtu anaweza kuandika jina lolote analotaka.

Nikabonyeza lipa. Ukazunguka weee, kisha: malipo hayajakamilika, wasiliana na muuzaji. Muuzaji akawa mpole ajabu. "Pole dada yangu, mfumo wetu huzuia kadi mpya kwa usalama wako. Nitumie picha ya kadi mbele na nyuma, na picha yako umeshika kitambulisho, nikuthibitishe mwenyewe sasa hivi."

Nikatuma. Na hapa mnicheke: wakati wa kupiga picha ya nyuma nilifunika zile tarakimu tatu za usalama kwa kidole gumba, nikajiona mjanja. Tarakimu hizo hizo nilikuwa nimeziandika kwa mkono wangu kwenye ukurasa wao dakika ishirini kabla. Walichokuwa wanakitaka ni kile kitambulisho na uso wangu pembeni yake, na hivyo nilivitoa vikiwa vimetulia, mwanga safi, hata sikupepesa macho.

Muuzaji halali hana haja na picha ya kadi yako. Kanuni za usalama za kampuni za kadi zinamkataza hata kuhifadhi zile tarakimu tatu baada ya malipo kuidhinishwa. Kwa hiyo mtu akikuomba umpigie picha kadi, usiulize sababu. Funga mazungumzo.

Usiku ule ule kikakatwa kiasi kidogo mno, kwa jina la biashara nisiyoijua. Nilikiona asubuhi nikakipuuza, nikadhani ni ada ya benki. Kumbe ndivyo wanavyoonja kadi kama iko hai. Wakiona imepita kimya, wanajua mwenyewe hafuatilii. Ningeifungia asubuhi ile, sehemu kubwa ya habari hii isingekuwepo.

Siku ya pili simu ikalia. Mwanaume, sauti ya ofisini, nyuma yake kelele za watu wengine wanaoongea na simu. "Dada, napiga kutoka kitengo cha udanganyifu cha benki yako. Kuna mtu anajaribu kununua kwa kadi yako muda huu." Akanitajia tarakimu za kadi. Alichosema kilikuwa kweli tupu, na ndicho kilichonimaliza: mtu anayejaribu kununua alikuwa yeye mwenyewe. Akasema atanitumia namba ya kufuta muamala, nimsomee. Ujumbe ukaingia, tena kutoka benki halisi, chini ya jumbe zao za siku zote. Nikamsomea tarakimu sita.

Sikusoma maneno. Ujumbe ulitaja kiasi, ukataja jina la duka, ukasema namba hii ni ya kuidhinisha malipo na usimpe mtu yeyote. Yote yaliandikwa mbele ya macho yangu, mimi nikaziona namba tu kwa sababu mtu alikuwa anasubiri masikioni mwangu.

(Hata kama hujawahi kutuma kadi kwa mtu, usishangae mpigaji akikutajia tarakimu sita za mwanzo za kadi yako. Hizo hutambulisha benki na aina ya kadi. Za kwako na za maelfu ya wateja wenzako zinafanana. Na nne za mwisho zipo kwenye risiti unazotupa.)

Dawa ya simu za namna hii ni moja: kata, kisha piga mwenyewe namba iliyo nyuma ya kadi. Akikuambia usikate, hapo ndipo pa kukata haraka zaidi.

Benki walifungia kadi ndani ya dakika chache, wakanitolea nyingine. Kile kiasi kidogo walikirudisha bila maneno mengi. Kile kikubwa, kilichopita kwa zile tarakimu sita nilizosoma kwenye simu, wakaniuliza: namba ya uthibitisho nani alitoa? Nikasema ukweli, na bado tunaandikiana. Ushauri wangu hapo: lalamika kwa maandishi, omba namba ya malalamiko, na usisubiri taarifa ya mwisho wa mwezi. Haki ya kupinga muamala ina kikomo cha siku, na benki yako inaweza kuwa na masharti mafupi kuliko unavyodhani. Picha za skrini za mazungumzo na muuzaji zipige kabla hujamtukana, maana ukimtukana anafuta kila kitu.

Nikadhani yameisha. Karibu miezi mitatu baadaye nikapokea ujumbe wa kudaiwa na kampuni ya mikopo ya simu. Sijawahi kukopa kwao. Nikawapigia kwa hasira, binti wa watu akanijibu kwa upole kwamba maombi yana kitambulisho changu na picha yangu nimekishika. Nikamwomba anieleze picha ikoje. Akaniambia nguo niliyovaa.

Kadi niliifungia kwa simu moja. Uso wangu na namba ya kitambulisho sina pa kupiga vifungiwe. Najua hata mwangalifu huvujishiwa: mwaka 2017 Equifax, kampuni ya Marekani inayotunza kumbukumbu za mikopo za watu, walidukuliwa na taarifa za watu takriban milioni 147 zikatoka, na wale hawakuwa wamemtumia mtu yeyote picha. Mimi yangu niliipeleka mwenyewe.

Nilichofanya kwa upande huu: nilitoa taarifa polisi, si kwa kutegemea watakamatwa, bali kwa sababu bila namba ya ile taarifa hakuna mkopeshaji anayekusikiliza. Nikawaandikia wakopeshaji kuukana ule mkopo, nikaambatisha taarifa ya polisi. Nikaomba ripoti yangu ya mikopo kuona kama kuna jingine limefunguliwa, na likawepo moja, ombi lililokataliwa. Mahali ambapo unaweza kuzuia faili lako lisifunguliwe kwa mkopo mpya, zuia. Nikauliza pia mtandao wa simu ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho changu. Nenosiri la barua pepe nilibadilisha kabla ya lolote, kwa sababu anayeingia kwenye barua pepe anaweza kubadilisha mengine yote.

Na ikibidi kutuma nakala ya kitambulisho mahali halali, andika juu yake, kukatiza katikati ya picha, jina la unayempelekea, tarehe na sababu. Inachafua picha, ndiyo. Ndiyo maana tapeli haitaki. Ile ya kushika kitambulisho kando ya uso, kwa muuzaji wa kitu chochote, hapana.

Ule ukurasa umeshafungwa. Lakini juzi nimeziona picha zile zile chini ya jina jingine, sifa za wateja zile zile neno kwa neno. Mtazame picha ya tatu: cherehani nyeupe juu ya meza ya mbao, mguu wa mbele kushoto umewekewa kipande cha karatasi kilichokunjwa isiyumbe. Ukiiona hiyo, usimwandikie kitu. Ripoti ukurasa, uondoke.