Barua nzuri ya mkuu wa shule, na kile kiambatisho chake

Shule siitaji kwa jina. Mwenye mtoto pale ataitambua mapema tu, na asiye na mtoto pale huenda ana barua kama hii kwenye simu yake mwenyewe.

Shule naipa nyota mbili. Mwanzoni ilikuwa moja. Kuna jioni nilipanda hadi tatu kwa sababu ya matroni, kisha nikashuka, na sijui nikimaliza kuandika nitakuwa nimesimama wapi.

Ilikuwa mwezi wa tisa, watoto wamesharudi kutoka likizo fupi. Mkuu wa shule akatuma kwenye grupu la wazazi ile taarifa yake ya katikati ya muhula wa pili. Huwa naisubiri, nisiseme uongo. Mkuu wetu anajua kuandika. Anasalimia vizuri, anawapa pole wazazi waliofiwa, anakueleza mambo ya shule mpaka unajiona unatembea uwanjani. Paa la bweni la wavulana limeshaezekwa upya kabla vuli haijaanza. Tanki la maji limefika, fundi bado. Tukienda kuwatembelea watoto tuwapelekee masweta na mabuti ya mvua. Mahafali ya kidato cha nne yamekaribia, kamati inaomba mchango wa ng'ombe. Kidato cha pili, alipo binti yangu, wameongezewa vipindi vya usiku kwa ajili ya upimaji wa kitaifa wa Novemba.

Palikuwa na aya moja ya majigambo, kwamba shule yetu imekuwa ya ngapi sijui kimkoa. Hapo nilicheka. Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora Januari 2023, lilipotoa matokeo ya kidato cha nne ya 2022. Kwa hiyo hiyo nafasi wameipigia hesabu wenyewe ofisini, mkuu na mwalimu wa taaluma. Nikamsamehe. Nani hafanyi? Mabango barabarani si mnayaona.

Nikashuka ukurasa wa mwisho. Kiambatisho. "Wanafunzi ambao ada zao hazijakamilika." Jedwali kabisa: majina matatu ya mtoto, kidato, bweni analolala, kiasi anachodaiwa. Limepangwa kwa ukubwa wa deni, na jina la binti yangu liko pale juu juu.

Mteja alikuwa amesimama mbele yangu anasubiri chenji. Sikumbuki nilimpa ngapi.

Deni lenyewe halipo. Awamu ile nililipa kwa wakala wa benki shule zilipofunguliwa mwezi wa saba. Slipu ninayo, jina la mtoto na kidato nimeandika kama fomu ya kujiunga inavyoagiza. Mhasibu hakuiingiza kwenye vitabu vyake, basi. Hilo wala halikunichoma sana. Nina duka, najua daftari linavyoweza kukupiga chenga. Kilichonichoma ni kwamba hata ningekuwa nadaiwa kweli, na kuna mwaka nilidaiwa kweli na kila mtu pale ofisini anajua, mdaiwa ni mimi. Namba yangu mnayo. Mnaipiga vizuri sana mkitaka hela ya ng'ombe wa mahafali. Mtoto wa kidato cha pili ameingiaje kwenye jedwali?

Nikampigia mkuu simu. Hasira zote zile lakini shikamoo ikatangulia, maana mwalimu ni mtu mzima na mimi nimelelewa.

"Marahaba mama, habari za nyumbani?"

Nikamwambia habari za nyumbani si nzuri, nimeona orodha.

"Ile ni ya kukumbushana tu, mama. Tena imesaidia, wenzako wengine wamelipa leo leo."

"Mwalimu, mimi sidaiwi."

"Basi mtumie mhasibu slipu, utatolewa."

"Na hao wengine?"

"Hao wengine wanadaiwa."

Nikamwuliza kama angependa jina la mwanawe libandikwe hivyo kwenye simu za watu asiowajua. Akanyamaza kidogo, nikadhani nimemgusa. Kumbe alikuwa anatafuta la kunimaliza. "Mama, kama utaratibu wetu unakukwaza, shule ziko nyingi."

Shule ziko nyingi! Nimeisikia sentensi hiyo nikiwa jikoni, nikiwa kwenye daladala, nikiwa nasali. Anajua fika kwamba mtoto ana upimaji wa taifa Novemba na ameshasajiliwa pale. Anajua hakuna mzazi mwenye akili anayehamisha mtoto mwezi wa kumi, abebe godoro, tranka, ndoo na chandarua, aanze kuzunguka na barua ya uhamisho. Ni mtu anayejua mlango umefungwa, halafu anakuonyesha mlango. Na bado juu ya barua yake ameandika "Wapendwa wazazi na walezi". Ah!

Nikamgeukia mhasibu, kijana mpole tu, nikamwomba aliondoe lile faili kwenye grupu. Baada ya muda akajibu: "Nimefuta mama." Nikaangalia, faili lipo. Alikuwa amelifuta kwenye simu yake mwenyewe. Yeye ndiye pekee aliyekuwa haioni tena ile orodha. Nilipomwelewesha, hakuwa tena na namna ya kulifuta kwa kila mtu, na jioni hiyo wifi yangu aliye Mwanza, ambaye hana mtoto pale wala hajawahi kufika, akanitumia kipande cha picha kilichokatwa vizuri na swali: "Huyu si mwanetu?"

Kwa wanaosema nakuza jambo: nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ni ya 2022, ilianza kutumika Mei mosi 2023, na Tume yake ilizinduliwa Aprili 2024. Inataka taarifa za mtu zitumike kwa kazi ile zilizokusanyiwa. Mimi nilipojaza fomu ya kujiunga, niliandika majina matatu ya binti yangu ili asajiliwe na apewe kitanda. Sikuandika ili yaje kukaa pembeni ya tarakimu za shilingi. Nilimwandikia mkuu hayo, kwa adabu, nikayasoma mara mbili kabla ya kutuma. Tiki mbili za bluu. Kimya mpaka leo.

Sasa niseme na mazuri, maana nisipoyasema nitakuwa namwonea. Shule ile haijawahi kumrudisha mtoto nyumbani kwa ada. Mwaka niliokwama, binti yangu alikula, alilala, alifanya mitihani yote kama mwenye hela. Najua shule, si moja, ambazo mtoto anakabidhiwa begi lake getini asubuhi na mapema, ajue mwenyewe atafikaje stendi. Na bei ya mchele na maharage haishuki kwa kuwa mkuu ana huruma. Wauzaji wanataka hela yao. Kuna usiku nililala nikijiambia labda orodha ndiyo njia yake ya kutowafukuza watoto. Labda kaona bora aibu kuliko njaa. Hapo ndipo nilipofika nyota tatu.

Na matroni ndiye aliyenifikisha. Siku ya kutembelea watoto, binti yangu hakukimbia kuja kama kawaida. Alikuja anatembea. Kachukua kuku wake, kachukua juisi, kakaa. Halafu akauliza, macho yako kwenye sahani: "Mama, hivi tunadaiwa?" Mtoto wa mzazi fulani alimwona baba yake akisoma orodha, akalipeleka jambo hilo bwenini, na bwenini habari hailali. Kumbe matroni alikuwa ameshalizima. Aliwakusanya wasichana usiku ule, akawaambia ada ni mazungumzo ya watu wazima na atakayemtania mwenzake atafua mashuka ya bweni zima. Hakutumwa na mtu. Alinieleza yote hayo tukiwa tumesimama pembeni ya bomba, kwa sauti ya chini, akaongeza: "Mama, mtoto yuko sawa, ila usimwache na hilo swali." Mwanamke yule anastahili nyota tano na nyongeza ya mshahara, na najua hatapata hata kimoja.

Nimeshuka tena kwa sababu ya wiki iliyofuata. Mkuu akatuma "Marekebisho ya Kiambatisho". Nikafungua kwa pupa, nikajua barua yangu imefanya kazi. Imefanya! Jina la binti yangu limetolewa. La binti yangu peke yake. Waliobaki wote wako palepale, majina matatu matatu, mabweni yao, madeni yao, sasa wamepangwa kwa alfabeti. Yumo mtoto mmoja anayelelewa na bibi yake. Bibi huyo nimekaa naye benchi moja siku ya kutembelea, analipa kidogo kidogo kila akiuza ndizi, na hana simu ya kuonea faili. Yeye hajui kama mjukuu wake yuko kwenye jedwali. Sisi wengine wote tunajua.

Kwenye grupu nikaandikiwa: "Hongera mama, umetolewa." Mwingine akaweka makofi. Nikauliza, wengine je? Hakuna aliyejibu, akapita mtu na tangazo la vitenge vya mahafali.

Kwa hiyo mkiniuliza kama nawashauri mpeleke watoto pale, jibu langu linategemea siku. Walimu wa hisabati ni wazuri. Chakula hakina shida. Bweni la wasichana liko mikononi salama. Barua za mkuu ni tamu kuliko za shule zote ninazozijua, na ningemshauri siku moja azimalizie kabla ya kiambatisho. Upimaji ukiisha nitakaa na baba wa binti yangu tuamue. Yeye anasema tusimhamishe, mimi asubuhi nakubali na jioni nakataa. Nyota mbili. Moja na nusu, kama mngeruhusu.

Awamu ya mwisho nimelipa jana kabla ya tarehe. Slipu nimeipiga picha nikamtumia mhasibu, mkuu wa shule, mwenyekiti wa kamati na matroni, kila mmoja kwa ujumbe wake, nikaomba jibu la maandishi kwamba imepokelewa na kuingizwa.

Mhasibu amejibu kwa dole gumba.