Kopo la protini au mayai na dagaa?

Kijiko kimoja cha unga wa protini, kile kinachokuja ndani ya kopo, hutoa gramu 20 hadi 25 za protini. Mayai manne yanafika hapohapo, na muuza mayai ya kuchemsha anakufuata mwenyewe kituoni, kachumbari juu. Dagaa wa Kariakoo wanaongeza kalsiamu, maana unawatafuna na mifupa yao. Maharage yana nyuzinyuzi. Nyuzinyuzi hizo makopo mengi hayakupi. Unga unashinda kwenye haraka tu: umetoka jimu, foleni ya Mbagala imekunasa, unatikisa chupa, unakunywa. Mwenye kilo 70 anayejenga misuli anahitaji kama gramu 110 za protini kwa siku. Mimi nazipata mezani, kopo nalinunua miezi ya safari.