Sanduku la kuzalia mbwa la fundi wa Mafinga: zuri, ila kagua reli kwanza

Mafinga mbao si shida, msitu wa kupandwa wa Sao Hill uko pale pale. Sanduku hili limetengenezwa kwa paini, futi 4 kwa futi 4, kuta za inchi 18, na mlango una vibao vitatu vya inchi 6 vinavyochomekwa kimoja juu ya kingine. Mbwa jike wa kienyeji wa kilo 15 hadi 20 analala humo amejinyoosha bila kubanwa.

Lililotufurahisha zaidi ni miguu. Sakafu imeinuliwa inchi 2 kutoka kwenye saruji, na kwa baridi ya Juni na Julai hilo linasaidia kuokoa vitoto. Wiki ya kwanza kitoto hakiwezi hata kutetemeka kujipasha joto. Pale kinapolala panahitaji nyuzi 30 hivi za sentigredi. Kikipoa huacha kunyonya, na maziwa yaliyomo tumboni hayasagiki. Kipashe joto taratibu kwanza, ndipo kinyonye. Chupa za maji ya moto zilizofungwa kitambaa ziwekwe kona moja tu, ili anayeona joto limezidi ajiburute kando. Jiko la mkaa lisiingie kabisa chumbani: moshi usioonekana unaua mama na wanawe.

Kasoro kubwa ni reli, yaani ubao unaozunguka kuta kwa ndani. Kazi yake ni kuacha pengo ukutani, ili mama akijilaza, kitoto kilicho nyuma ya mgongo wake kisisagwe. Fundi ameipigilia inchi 2 tu kutoka ukutani, na inchi 6 juu ya sakafu. Pengo hilo halitoshi kitoto, na kwa urefu huo mgongo wa mama unapita chini ya reli. Inatakiwa inchi 4 kutoka ukutani na inchi 4 kutoka chini. Mwambie aifunge kwa bolti, maana wiki ya nne inang'olewa: vitoto vimenenepa, vinanasa chini yake.

Mbao ni kavu, hazina rangi wala dawa. Sisitiza hivyo hivyo, kwa sababu mama anayekaribia kuzaa hutafuna kingo. Ubaya wake ni kwamba paini tupu hunywa mkojo. Tandika kapeti la plastiki, kisha magazeti, kisha blanketi lililobanwa pembeni, kitoto kisijifiche chini yake. Maranda unayopewa bure yaache kwa fundi. Vumbi lake huingia puani na kugandia kitovu kibichi.

Vibao vya mlango vimefikiriwa vizuri mno. Kimoja kinatosha mwanzoni, mama avuke bila kukwaruza chuchu. Wiki ya tatu, macho yakiwa yamefunguka na miguu imepata nguvu, ongeza cha pili. Cha tatu usikitumie: mama lazima aweze kutoka na kupumzika, hasa meno yakianza kumchoma.

Kwa watoto zaidi ya wanane agiza futi 5.

Jambo jingine ni sakafu: imepigiliwa misumari. Minyoo ya mviringo hupita kwa mama hadi kwa mtoto, hata kwenye maziwa, ndiyo maana dawa hutolewa wiki ya 2, 4, 6 na 8, mama naye akimeza. Mayai yake hujificha kwenye maungio na hayafi kwa dawa za kawaida za kusafishia. Yanataka maji yanayochemka. Agiza sakafu isiyopigiliwa, ya kutoa na kuosha kwa maji hayo.